Matone Ndani ya Matone

Jumatatu, 3 Machi
Imetengana tena! Dawa tumeifunga ndani ya matone ya mafuta, na matone hayo yanaelea kwenye maji, kusudi uchungu usifike ulimini. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Kwenye chupa mafuta yamepanda juu, uchungu umevuja. Nimeonja. Ulimi ganzi mpaka sasa.

Mkuu wa maabara kaja, kaitikisa. "Mbona nzuri tu?" Alhamisi anakuja mgeni rasmi. Bango limeshachapishwa: DAWA ISIYO NA UCHUNGU. Bango, angalau, halitengani.

Jumanne, 4 Machi
Mama katapika vidonge tena. Eti bora afe kwa ugonjwa kuliko kwa ladha. Nikacheka. Kisha nikaenda kulia bafuni.

Nimemweleza Mkuu: kiunganishi chetu peke yake hakiwezi kushika mpaka wa mafuta na maji, kinataka mwenzake. Fosfolipidi – lesithini ya soya. Kichwa kinapenda maji, mikia inapenda mafuta. Inakaa mpakani, inasuluhisha. Kajibu kwamba ratiba haina nafasi ya mwenzake.

Jumatano, 5 Machi
Nimetia lesithini kwenye mafuta. Kimyakimya. Nikakoroga taratibu. Kutwa nzima chupa imetulia, nyeupe pe! Nikaonja – hakuna kitu. Hakuna! Nikaruka peke yangu kama mwehu. Siku moja si ushahidi, najua. Lakini Mama…

Mkuu hakutaka hata kuiona. Iliyopigwa picha ya bango ni ile inayotengana, basi ndiyo itakayoonyeshwa. Kanipa kazi: nikae nyuma ya meza, niitikise kila mgeni akigeuka. Shahada tatu – mtikisaji!

Alhamisi, 6 Machi
Naandika nikiwa nyuma ya meza, bango limenificha. Hotuba haiishi. Mgeni rasmi hajageuka hata mara moja, mafuta yamekaa juu kama kofia. Mkuu anakohoa, ananikonyeza, jasho linamtiririka. Nifanyeje? Chupa yangu imo mfukoni mwa koti.

Mgeni anasema uchungu wa dawa anaujua. Vidonge vyake humficha mkewe, huvizika kwenye chungu cha maua. Ukumbi hoi kwa kicheko. Sasa anashuka. Kachukua kijiko, kamnyooshea Mkuu. "Profesa, tuanze na wewe."

Mkuu kaja mbio nyuma ya bango. Ananong'ona: "Dada yangu" – leo mimi dada! – "ile ya… ile yenye mwenzake. Unayo?"

Ninayo. Ila kwanza namalizia sentensi hii.