Waya wa Bibi

Dada Leokadia, shikamoo. Huku Sibwesa mvua haikatiki, nakula mahindi ya kuchoma jikoni kwa Bibi.

Wewe umenuna, unasema anazima simu makusudi. Mimi nimemkuta kakaa chini karibu na soketi, kaukunja waya wa chaji kwa vidole, maana akiuachia tu chaji inakata. Kaufunga mpira wa tyubu ya baiskeli, lakini wapi! Akienda shamba, simu inazima.

Jana nikapanda pikipiki hadi Mpanda mjini na simu yake. Kila waya niliopewa dukani niliuchomeka, nikautikisa pale shingoni mwake unapoingia kwenye simu, ukikata, narudisha. Muuzaji akachoka: "Dada, unanunua au unapima?"

"Napima. Nikiridhika ndiyo nanunua."

Sikutoka mpaka nikapata usiokata, na kichwa cha chaji kisichopata moto.

Bibi anaogopa utamfokea, kwa hiyo anajipa moyo kwanza; atakupigia Jumapili baada ya misa. Kadi hii nampa konda wa basi ikuwahi kabla. Akipiga, usimuulize alikuwa wapi siku zote hizi. Alikuwa ameshika waya.

Nakupenda hata ukinuna,
Fausta