Sinia Nililolikataa

Nguvumali, Tanga
Jumatano, baada ya Alasiri

Dada yangu Mwanakhamis,

Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta umekaa na umeshakunywa chai, maana ninavyokujua, ukiipokea na njaa utaichana kabla hujafika mstari wa pili. Za huko Wete? Presha yako inakwendaje, na miguu je? Tuhfa, bibi harusi wetu, hajambo? Sisi huku alhamdulillahi, tunavuta pumzi. Hafsa anakusalimu, na anasema yeye kama mke wangu yumo katika kila jambo langu, ila ugomvi huu wa ndugu wawili hayumo.

Usiushangae mwandiko. Ninayesema ni mimi, anayeandika ni mwanangu Nasra. Utasema Luqmani sasa amekuwa mkubwa, hata ana karani. Sema tu, dada. Simu zangu hupokei tangu hitima ya shemeji Hilal, Mungu amrehemu, na nimesikia umeapa kwamba nisikanyage harusini kwa Tuhfa. Ndiyo maana nimempa jirani yetu Jaku, anayevuka kuja huko, barua hii akupe mkononi, na asiondoke mpaka umeifungua.

Hasira yako ina haki. Nilivuka maji kuja kumsomea mumeo, nikaitikia dua mpaka mwisho, na masinia yalipotandazwa nikainuka. Wanao wakaniita, wewe mwenyewe ukaniita kutoka mlango wa uani, mimi nikajibu kwamba nimeshiba. Nimeshiba! Mtu mwenye tumbo kama langu! Mkasema mpishi wa mjini kaona wali wenu haumfai.

Sasa nisikilize, nianzie mbali kidogo.

Unajua nilivyojivunia mikono hii. Kwenye shughuli za watu nilikuwa nikiinua mfuniko wenye makaa kwa mkono mtupu, wanawake wanapiga vigelegele, wanaume wanasema Luqmani kalishwa dawa ya moto. Na mimi, punguani, nikitembea kifua mbele. Mpaka siku moja, kwenye harusi Tongoni, nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikamgeukia Sabiri, mpishi mwenzangu, nikamtolea maneno kwamba ameiacha nyama ishike chini. Akaniambia, bwana we, nyama bado haijatelekwa, hebu inua mkono wako. Kiganja changu kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa sufuria, kimekwisha kubadilika rangi, na mimi sikuwa nasikia chochote.

Baada ya hapo mabega yakaanza kuuma kama niliyebebeshwa gunia la mchele na mwenye gunia akasahau kulitua. Vidole vya kulia vikakonda, vikajikunja. Tonge nikilifinyanga halifiki mdomoni, wali unamwagika mbele ya wenzangu. Nikaanza kukwepa masinia ya watu. Hapa mtaani wakaniita Sultani, eti nimeona makubwa. Sheikh Maulid alinitoa hofu, akasema mwenye udhuru akila kwa kushoto hana lawama. Nalijua hilo. Lakini dada, mpishi kumwaga wali kama mtoto anayeota meno! Siku ile ya hitima njaa ilinikaba mpaka masikio yanalia. Nilikwenda kukaa nyuma ya msikiti, nikala biskuti.

Niliporudi Hafsa akanivuta hospitali, na kutoka hapo tukapelekwa Dar. Walinilaza ndani ya mashine inayogonga kama karakana ya mabati, kisha Daktari Rafaeli akanionyesha picha. Alisema ule ugwe wa mishipa unaopita ndani ya uti wa mgongo, wangu umefanya kifuko cha maji hapa shingoni, nacho kinatanuka na kuibana mishipa kwa ndani. Nikamuuliza kama ni mfano wa andazi lililofura, katikati tupu na ukuta mwembamba. Akacheka, akasema hivyo ndivyo atakavyowafundisha wanafunzi wake. Hakunificha: atafungua mfupa nyuma ya shingo, aupasue ule ugwe kidogo tu, atie mrija mwembamba kama tambi ili maji yapate njia. Atakachofanya ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Kilichokwisha kuondoka huenda kisirudi.

Nikapasuliwa mwezi wa Shaabani. Hafsa alitaka ujue, mimi nikamkataza, nikaona utadhani naomba huruma kwa hila. Mabega yakatulia, nikalala usingizi niliousahau. Mkono wa kulia haukurudi. Nikajizoeza wa kushoto, kijiko, kikombe, hata vifungo vya kanzu.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Wiki iliyopita kikombe kilinitoka mkono wa kushoto. Nikasema ni uzembe wangu tu. Kikanitoka tena, na chai ilikuwa ya moto, ikanimwagikia, nisiisikie. Tukarudi Dar. Mrija umeziba, kifuko kimejaa tena, na sasa ni kirefu kuliko mwanzo. Inabidi nifunguliwe palepale penye kovu. Safari hii Daktari Rafaeli hakucheka. Amesema nikiacha, mikono yote itakwenda na miguu itafuata. Nikikubali, huenda huu wa kushoto ukabaki, huenda pia ukapotea siku hiyohiyo ya kupasuliwa, na miguu hana ahadi nayo. Nimekubali, dada. Nasra analia hapa ananichafulia karatasi, nimemwambia aandike hivyohivyo.

Nitalazwa mara tu baada ya harusi ya Tuhfa. Daktari alitaka mapema zaidi, nikamsihi, akanipa siku hizo shingo upande.

Sikuombi unipe jiko nipike. Sikuombi hata unisamehe leo. Naomba niingie harusini, na usije ukanificha chumbani na kibakuli kama mgonjwa. Niweke kwenye sinia pamoja na wanaume, katikati ya watu, nile kwa kushoto, na nitakachomwaga nimwage. Huyo mpishi wenu akizidisha chumvi nitasema kwa sauti. Huenda ikawa mara yangu ya mwisho kula kwa mkono wangu mwenyewe, na nataka uwe wali wa kwako.

Nisalimie Tuhfa, mwambie mjomba anamwombea kheri, na wanao wote wape salamu zangu. Jaku yuko hapo mlangoni anangoja neno lako. Kama ni hapana, mpe yeye. Ila mwache anywe chai kwanza.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Luqmani