Breki za Mbele na Jina la Mzee Mhoja

Gereji ya Marehemu Mzee Mussa,
Gongoni, Tabora.
20 Aprili 2025

Mpendwa Kaka Mustafa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Najiat na watoto, na kwamba joto la Maskati halijaanza kuwatesa. Huku sote ni wazima. Mama uvimbe wa mguu umepungua, na ameanza tena kwenda misibani na harusini bila kushikwa mkono. Mvua zinaelekea kukatika. Tulifunga salama, na Idi tuliswali salama.

Nimekuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na ndivyo tulivyolelewa. Lakini nimekasirika, na sitaki ufike katikati ya barua ndipo ugundue. Nimekasirika tangu mwezi wa pili. Ningekuambia kwa simu, ila namba yangu umeifungia, na kwenye kundi la ukoo umenitoa. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono, na barua nimempa Sabiri, mtoto wa mjomba, anayekuja huko kuanza kazi. Nimemwambia akukabidhi wewe mwenyewe na asubiri mpaka uifungue.

Nianze na breki. Mwezi wa nane mwaka jana nilikuandikia kwamba lori la baba linahitaji breki za diski mbele. Nilikueleza taratibu, kama ninavyomweleza mteja. Breki za dramu zimefunikwa kama sufuria. Lori likivuka maji, maji na tope huingia ndani na hayatoki upesi, na viatu vya breki vinabaki kuteleza. Diski iko wazi. Inazunguka, inajikausha, na ukikanyaga inashika. Lori hili linakwenda kuchukua asali msituni huko mbele ya Ulyankulu, na masika yote linavuka makorongo kwenda na kurudi. Sikuomba pambo.

Ulinijibu hivi, na ujumbe bado ninao: "Baba aliliendesha na dramu miaka thelathini. Acha makuu."

Mwezi uliofuata ukatuma matairi makubwa, bampa la chuma na taa sita za kufunga juu ya kabini. Ukataka picha. Nikakuandikia tena kwamba tairi kubwa ni kazi zaidi kulisimamisha, na breki ni zilezile dhaifu. Ukanijibu kwa alama ya dole gumba. Na mimi nikayafunga, kaka. Niliyafunga kwa mikono yangu, nikalipiga picha lori limesimama kama jogoo, nikakutumia. Hilo ni kosa langu na sikutupii wewe.

Sasa nikueleze ajali ilivyokuwa, maana hujawahi kuniuliza.

Tarehe kumi na tisa Februari mzee Mhoja alikuwa analiendesha lori, anarudi na madumu ya asali. Alivuka korongo la kwanza, maji yakifika nusu ya magurudumu. Mbele kidogo kuna mteremko wa korongo la pili, ule wenye mawe upande wa kulia, unaujua. Alikanyaga breki, lori halikupungua mwendo. Akakanyaga tena kwa nguvu zote. Hakuna kitu. Chini, katikati ya njia, palikuwa na mkokoteni wa ng'ombe, na akina mama wanne walikuwa wanateka maji. Akapiga honi, akashusha gia, akaona hawatawahi kutoka. Akakata usukani, akalipeleka lori kwenye kichuguu upande wa kushoto.

Kichuguu kililisimamisha. Bampa lako la chuma lilisukumwa nyuma, likakunja sakafu ya kabini, na mguu wake wa kulia ukabanwa humo. Ulivunjika mara mbili chini ya goti. Wale akina mama ndio waliomtoa, wao na mwenye mkokoteni, kwa shoka na mtaimbo. Wote wako hai. Hata ng'ombe wako hai.

Kesho yake asubuhi, mzee Mhoja akiwa bado hajafungwa hogo mguuni, wewe uliandika kwenye kundi la ukoo: "Mhoja alikuwa amelewa. Lori lilikuwa zima. Atafutwe dereva mwingine."

Nani alikuambia amelewa? Nimemuuliza kila mtu mwenye namba yako. Hakuna aliyekuambia. Ulikaa Maskati, ukaona picha ya lori limekunjika, ukahitaji sababu ambayo si wewe, ukamchukua mtu asiyekuwamo kwenye kundi hilo, asiyeweza kujibu. Mzee Mhoja, kaka. Aliyekufundisha wewe kuendesha ukiwa na miaka kumi na sita, ukamgongea ukuta wa jirani, akamwambia baba ni yeye aliyegonga. Mtu ambaye hata togwa iliyochacha anaisogeza pembeni.

Ujumbe wako haukumaliza siku mbili ndani ya ukoo. Mtu aliutuma kwa mtu, na huyo kwa mwingine, ukafika kanisani kwake. Sijui kama unakumbuka kwamba yeye ni mzee wa kanisa, mwaka wa kumi na tisa huu. Walimsimamisha huduma akiwa kitandani hospitalini.

Na mimi nilinyamaza siku tatu. Niliusoma ujumbe wako siku ileile, nikajua ni uongo, nikasema huyu ni kaka mkubwa, nitamwambia pembeni. Sikukuambia pembeni wala hadharani.

Siku ya nne mama Suzana, mkewe, alikuja gereji. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Kuluthumu," akasema, "kanisani wameniuliza mume wangu ameanza lini kunywa. Maneno wanasema yametoka kwenu. Ndiyo nimekuja nikuulize."

"Kaka hakuwepo, mama," nikasema.

"Sijakuuliza kama alikuwepo. Nimekuuliza kama Mhoja alilewa."

"Hapana. Hakulewa."

"Basi mbona umekaa kimya?"

Alinitazama akisubiri. Mikono yangu ilikuwa na grisi, nikajifanya naifuta. Aliondoka, na hakuaga. Yule mama amenibeba mgongoni, kaka, na hakuniaga.

Siku hiyohiyo nilimwita mjomba na majirani watatu, nikafungua gurudumu la mbele la kushoto wakiwa wamesimama hapo. Siku tano baada ya ajali, ndani ya dramu tope lilikuwa bado bichi. Viatu vya breki vimelowa kama sabuni. Nikafungua la kulia, vilevile. Mjomba alitia kidole, akakinusa, akatikisa kichwa. Nilirekodi yote, nikaweka kwenye kundi, nikaandika: "Hiki ndicho kilicholewa." Haikupita saa moja ukanitoa.

Kuanzia hapo sikukuomba ruhusa tena. Yuko fundi mmoja Nzega, Sylvester, anayeuza vipuri vya magari yaliyokufa. Alikuwa na ekseli ya mbele ya lori kama letu, toleo la baadaye lenye diski. Nilibadilishana naye kwa matairi yako makubwa na taa zako sita. Usimuulize mtu vitu vyako viko wapi, vimekwenda Nzega.

Kazi niliifanya ndani ya Ramadhani. Niling'oa dramu, nikafunga habu za magurudumu na diski kutoka kwenye ekseli ile. Diski zilikuwa na mikwaruzo, nikazipeleka zikakerezwa zikawa laini. Kalipa ya kulia, ile inayobana pedi kwenye diski, pistoni yake ilikuwa imeng'ang'ania kwa kutu. Niliiloweka, nikaitoa, nikabadilisha raba zote. Nilipofunga rimu za zamani, kalipa ikagusa rimu kwa ndani. Nikarudi tena Nzega kwa rimu zenye nafasi.

Nikafikiri nimemaliza. Lori lilipotembea mpaka njia panda na kurudi, magurudumu ya mbele yalikuwa ya moto, hayagusiki. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Masta silinda, ile pampu ya pedali, ilikuwa ileile ya dramu, ambayo inabakiza msukumo kwenye mirija hata ukiachia pedali, kwa hiyo pedi zilikuwa zinaendelea kubana diski. Nilitupa spana nikakutukana kwa jina, Mungu anisamehe, nilikuwa na saumu. Kisha nikatafuta masta silinda inayolingana na diski, nikaweka hozi mpya, nikatoa upepo kwenye mirija mpaka pedali ikasimama juu, ngumu, haizami.

Nakuandikia haya yote ujue kwamba yaliwezekana. Hapa hapa Tabora, kwa vipuri vya Nzega, na kwa mikono ya mdogo wako uliyemwambia aache makuu. Yangewezekana tangu mwezi wa nane.

Baada ya Idi nilimfuata mzee Mhoja kwake nikamwomba twende naye kujaribu. Mama Suzana alisimama mlangoni, akasema, "Aende." Tulimpandisha na magongo yake. Nyuma nilikuwa nimejaza madumu ya maji, uzito wa asali ya siku ile. Njia nzima alizungumza habari za mashimo, hapa pita kushoto, hapa punguza, kama vile bado yeye ndiye dereva. Njia hiyo anaijua kuliko kiganja chake.

Nikaingia korongo la kwanza, nikasimama ndani ya maji makusudi mpaka magurudumu yakaoga. Nikatoka. Kwenye mteremko wa pili nikaacha lori lishike kasi kidogo, nikakanyaga. Likasimama katikati ya mteremko.

"Rudia," mzee Mhoja akasema.

Nikarudi nyuma, nikaingia majini, nikashuka tena. Likasimama.

"Rudia."

Mara ya tatu lilisimama palepale. Alikuwa ameushika ule mguu kwa mikono miwili, anatazama chini pale mkokoteni ulipokuwa siku ile. Alikaa hivyo mpaka injini nikaizima.

"Kumbe lingesimama," akasema.

 Niliendesha mpaka Tabora, na sikuthubutu kumtazama.

Mguu umeunga vibaya, utabaki mfupi kuliko mwenzake. Daktari amesema kuendesha lori basi. Hilo hakuna atakayelirudisha, si wewe wala mimi.

Lakini jina lake linarudishika. Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani kwao baada ya ibada, mimi na ushungi wangu, nimebeba dramu na viatu vya breki ndani ya gunia. Niliviweka mezani mbele ya wazee wao nikawaeleza kila kitu, hata matairi niliyoyafunga mwenyewe, hata zile siku tatu. Walinisikiliza kwa heshima. Mwenyekiti wao akaniambia, "Binti wa mzee Mussa, habari za chuma tumezielewa. Lakini neno la ulevi lilisemwa na mwenye lori. Tungependa kumsikia yeye."

Mwenye lori ni wewe. Kadi ina jina lako, na wewe unapenda sana kutukumbusha hivyo. Basi sema kama mwenye lori. Mpigie simu mzee Mhoja, mkewe akisikia, umwambie ulisema jambo usilolijua. Kisha uandike hivyo hivyo kwenye kundi la ukoo, kwa urefu uleule na kwa uwazi uleule, na umrekodie mwenyekiti wa wazee sauti yako. Namba zote mbili nimeziandika nyuma ya bahasha. Usimtumie zawadi yoyote. Usimtumie saa, wala shuka, wala tende. Ukituma, nitavirudisha mwenyewe.

Nimesikia unataka lori liuzwe. Uza ukitaka. Ila funguo ziko kwangu, na haziondoki mkononi mwangu kabla simu hiyo haijapigwa. Ukiona nimekukosea adabu, njoo unishtaki kwa wajomba. Nitafurahi tukikaa sote mbele yao, na gunia langu nitakuja nalo.

Msalimie sana wifi Najiat, mwambie vitenge alivyoagiza nimempa Sabiri. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawapenda na anawasubiri likizo. Mjomba anakusalimu. Mungu akulinde ugenini, akupe afya na riziki ya halali, na aulainishe moyo wako kabla hujafika mwisho wa ukurasa huu.

Nilikuwa nimefunga barua, nimeifungua tena. Mama aliniomba nimsomee kabla sijampa Sabiri. Nilidhani atanizuia, maana tangu mwezi wa pili kila nikilalamika ananiambia, "Yule ni kaka yako, mvumilie." Nilimsomea yote, mwanzo mpaka mwisho, akiwa ameketi kitandani na tasbihi yake. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaniambia niongeze maneno haya, na niyaandike kama alivyoyasema.

"Mwambie ile simu yake ya kila Ijumaa asinipigie mimi. Ampigie Mhoja kwanza. Mhoja akiniambia ameipokea simu, ndipo na mimi nitapokea yangu."

Mdogo wako, ninayekupenda pamoja na hasira zote hizi,

Kuluthumu Mussa