Mtamba Aliyevaa Hereni ya Dada Yake

Shangazi wa redio, shikamoo. Mimi ni mke wa mtu na mama, tunafuga ng'ombe wachache nyuma ya nyumba, na nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo niliyoigeuza, mlango wa jikoni nimeutia komeo mchana kweupe, kwa sababu upande wa pili wa mlango huo amesimama mtamba wetu na sitaki anitazame. Nisaidie, na tafadhali usinicheke, maana jirani nikimwambia atasema nimerukwa na akili na mume wangu nikimwambia ananuna.

Nianze na huyo mume. Mtaani wanamwita Geti, na si kwa heshima, ni kwa sababu kila mwaka anapeleka mnyama kwenye maonyesho ya mifugo na kila mwaka anarudishwa getini, mara fahali ana kupe masikioni, mara chanjo imepitwa na muda, na safari moja kondoo alikuwa na mabaka ya upele ambayo mume wangu aliyaziba kwa rangi ya viatu, mkaguzi akapitisha kidole, kidole kikatoka cheusi, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaapa kwamba mwaka huu ataingia, liwalo na liwe.

Tulikuwa na mitamba pacha, weusi wote wawili, kila mmoja na doa jeupe kwenye paji la uso, wakilala huwezi kuwatofautisha ila wakiamka unawajua papo hapo. Mmoja binti yetu alimwita Bibi Harusi kwa ule mwendo wake wa taratibu, akamfundisha kutembea na kamba na kusimama miguu minne imepangwa sawasawa, kama majaji wanavyotaka. Mwenzake ni Jeuri, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mateke. Daktari wa mifugo akaja, akampima Bibi Harusi, akamchanja ugonjwa wa miguu na midomo, akamtoboa sikio na kumvalisha hereni ya njano yenye namba, halafu akatusomea masharti: aogeshwe dawa ya kupe, asichangamane na wanyama wa nje, na mnyama yeyote akifa hapa nyumbani kabla ya maonyesho tumwite yeye kabla hatujamgusa, na ikitokea hivyo hakuna mnyama wa nyumba hii atakayetoka. Mume wangu aliitikia kila sharti, ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Shangazi, Bibi Harusi alikufa. Jioni alikula vizuri, asubuhi nikamkuta amelala ubavu, tumbo limevimba, damu nyeusi inamtoka puani, na damu ile haikuganda, iliendelea kuchuruzika polepole hata jua lilipokuwa limepanda. Binti alikuwa kwa bibi yake. Mume wangu akaingia ndani, akatoka na kisu. Akalikata sikio, akaichomoa hereni, akaifuta kwenye suruali yake, tukamkamata Jeuri tukamfunga miguu, akamtoboa kwa msumari na kumvalisha. Marehemu tukamfukia nyuma ya banda, shimo halikwenda chini sana kwa kuwa ardhi ni ngumu na tulikuwa tunakimbizana na macho ya majirani. Nilimwambia tunakosea. Akaniambia, "Kuanzia leo Jeuri ameuzwa. Huyu ndiye Bibi Harusi."

Na tangu aseme hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jeuri aliacha mateke. Akahamia upande wa banda aliokuwa akilala marehemu, akawa anakula kidogo kidogo, anatafuna na kusita, anatafuna na kusita. Nilimwita Jeuri, hakugeuka. Siku moja nilikuwa nafagia nimempa mgongo, nikalitamka lile jina jingine kwa kunong'ona, kujaribu tu, na kabla sijamaliza nikasikia pumzi yake shingoni, Shangazi, wala sikusikia kwato zikija. Mama yao mzazi, aliyewanyonyesha wote wawili, akimwona anajibanza ukutani na kutetemeka. Na kila alasiri anatoka, anakwenda kusimama juu ya shimo, kichwa chini, analamba udongo, ukimvuta anakuja bila ubishi na ukigeuka kidogo unamkuta amerudi palepale.

Nikasema binti akirudi atamjua, maana ndiye aliyemlea Bibi Harusi kwa mikono yake, na nilijikaza kungoja aseme huyu siye. Akamtia kamba, akazunguka naye uani, akasimama, na mtamba naye akasimama, miguu minne imepangwa sawasawa. Jeuri hajawahi kufundishwa jambo hilo, Shangazi, hakuwahi hata kukubali kamba. Binti akampapasa, akaniambia, "Mama, amekuwa mpole kuliko zamani. Ila mbona masikio yake ni ya baridi?"

Mume wangu anasema hiyo ndiyo bahati yenyewe, tusiichokonoe. Yeye yuko na furaha yake, ingawa siku hizi anachoka haraka na ana kidonda mkononi, kilianza kama kipele akadhani mdudu, sasa kina kigaga cheusi tii, lakini anasema hakimuumi hata akikibonyeza, ni mkono tu umevimba, basi hajali. Maonyesho ni Jumamosi. Binti ameshafua na kupiga pasi lile koti jeupe la kuongozea mnyama, na nikiliona kwenye kamba ya nguo roho inanipaa. Niambie ukweli, marehemu amerudi? Nimwache mwanangu aingie uwanjani ameshika kamba ya mnyama niliyemzika mwenyewe?

Mke wa Geti.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Wasikilizaji, kuna bwana aliyekosana na wakwe zake ambaye zamu ilikuwa yake leo. Atanisamehe, wakwe hawaendi popote. Barua hii imefika asubuhi. Namba iliyoandikwa nyuma ya bahasha nimeipiga na kuipiga, haipatikani, kwa hiyo namjibu huyu mama hapahapa hewani, na yeyote anayemfahamu mtu aitwaye Geti akimbie akamwambie awashe redio.

Umeniuliza habari za ng'ombe. Mimi nimekwama kwenye mstari ule ulioupita mbio, kana kwamba unataja bei ya chumvi. Mkono wa mumeo.

Nimempigia daktari wa mifugo anayekuja hapa studio mara kwa mara, nikamsomea. Nilipofika kwenye damu isiyoganda alinikatiza akauliza nani alimkata yule mnyama, na kwa mkono mtupu? Nilipomsomea habari ya kigaga cheusi kisichouma, akataja jina la ugonjwa: kimeta. Hajamwona mnyama wala mgonjwa, hawezi kuapa, lakini amesema mtu akingoja mpaka aapiwe atakuwa amechelewa. Mnyama anaanguka ghafla, na anayemkata anaupata kwa mkwaruzo mdogo tu. Kidonda hakiumi, na hapo ndipo kinapowapata watu, wanakifanyia mzaha mpaka ugonjwa unaingia mwilini. Dawa ipo, mwanangu, ipo hospitalini na inaponya, mkiwahi.

Sasa nikugombeze kidogo, maana unastahili. Mliyaona masharti yale kama vikwazo vya kumkomoa mumeo. Lile la kumwita daktari kabla ya kugusa liliwekwa kwa ajili ya asubuhi kama ile yenu. Nyinyi mkashika kisu, mkaichukua damu ya maiti mkaipeleka kwenye sikio la mzima, mkachimba kishimo cha haraka, na Jumamosi mnataka kumwingiza mnyama huyo katikati ya mifugo ya watu, kamba mmemkabidhi mtoto wenu wa kumzaa. Halafu unaniuliza marehemu amerudi? Mwanangu, nimekasirika.

Jeuri hajageuka kuwa Bibi Harusi. Jeuri anaumwa. Ng'ombe mkorofi akiwa mpole ghafla, akasita kula, masikio yakapoa, hapo hamna adabu mpya, hapo pana mgonjwa. Ule udongo anaulamba kwa sababu umelowa damu na una chumvi. Mama yake anamkimbia kwa sababu anamnusa, na pua yake inajua zaidi ya macho yako. Jina analiitika kwa kuwa bila shaka mumeo amekuwa akilitaja kila anapompelekea chakula, angejifunza vipi lingine? Kwato hukuzisikia kwa sababu ulikuwa unafagia na una hofu.

Lile la kusimama miguu imepangwa, na hajafundishwa, nilimuuliza daktari. Akaniomba nimsomee tena. Nikamsomea, akarudi kuniuliza habari za kidonda. Nami sina jibu, sitakudanganya kwamba ninalo, na nimekaa nalo tangu asubuhi na halinipi raha. Liache. Halitamuua mtu leo. Kidonda kinaweza.

Kwa hiyo sikiliza. Mumeo aende hospitali sasa hivi, na wewe nenda naye, kwa sababu peke yake atawaambia ni mdudu. Mtu wa kwanza mtakayemkuta pale mwambieni neno kimeta, mwambieni alikata ng'ombe aliyekufa ghafla, msimung'unye maneno. Wewe na binti mtazamwe pia, wote mmemshika huyo mtamba. Maziwa ya nyumba hiyo asinywe mtu, asiuziwe mtu. Shimo lisifukuliwe, hata mkiambiwa na nani, wekeni miiba juu mpaka watu wa ofisi ya mifugo wafike, na muwaite leo kwa midomo yenu wenyewe. Mtamba msimshike, msimchinje, hereni msiiguse tena. Na binti umweleze ukweli wewe mama yake, njiani, asije akausikia kwa watu. Jumamosi hamwendi. Watacheka, ndiyo. Mume wa kuchekwa ni mume aliye hai.

Kama amelala, na amekuambia usimwamshe, mwamshe. Akisema mkono haumuumi, hiyo ndiyo sababu ya kukimbia. Ondoka sasa, mwanangu, na hii redio iache iendelee kuongea, usirudi kuizima.