Jael Hakuiba, Alimkimbia Mkwe

POLISI KAKAMEGA: MAELEZO YA SHAHIDI
Jumamosi, 14 Machi 1964

Jina: Khalayi, mjane wa Khisa. Umri: hajui, asema alikuwa ameshaolewa wanaume walipochukuliwa kubeba mizigo ya vita vya Wajerumani. Kazi: kuuza maharagwe sokoni. Makao: Shinyalu.

Koplo, acha kucheka, andika. Mmemfungia mama wa watu tangu asubuhi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini amejifunika uso. Mama zenu waliwafundisha nini?

Leo, yapata saa nne asubuhi, nilikuwa sokoni Kakamega, mahali pangu pa siku zote. Jael, tunayeuzanga naye mstari mmoja, alikwenda kwa Sellah kutafuta samaki mkavu. Niliwasikia wakivutana bei.

"Huyu amekauka tangu wakati wa mkoloni," Jael alisema.

"Mkoloni ameenda, samaki amebaki. Lipa," Sellah akamjibu. Tukacheka.

Mara nikamwona Konstebo Wanyonyi akitokea upande wa vyungu. Huyu ndiye aliyemwoa Mildred, binti wa Jael. Kwetu mama haonani uso kwa uso na mume wa bintiye. Mkikutana njiani unaingia hata kwenye miiba. Jael akavuta shuka kichwani, akakimbia. Samaki alibaki mkononi, hakumkumbuka.

Sellah alikuwa ameinamia gunia. Alipoinuka aliona mgongo wa Jael tu. "Mwizi!" Watu hawakuuliza, walishika fimbo na mawe. Jael alianguka karibu na kinu cha posho, damu sikioni. Nikapiga kelele, "Mwacheni!" Nani anamsikia mwanamke mzee?

Wanyonyi aliwatawanya. Wangemuua, hilo nasema. Lakini alipomtambua aligeuza uso, akanyoosha rungu, Jael akashika ncha, wakaja hivyo hadi hapa. Watu wakasema konstebo hataki kumgusa mwizi. Ilikuwa heshima, wajinga hao!

Mlimwuliza Jael akanyamaza. Ataongeaje, na mkwe ndiye mliyemsimamisha mlangoni? Naye Wanyonyi hawezi kulitaja jina la mama mkwe. Anatazama ukuta kama mbuzi mgonjwa, na Jumatatu mnataka kumpeleka mama kortini. Samaki wa Sellah yuko hapo mezani. Mpelekeeni.

Niliyoyaona ndiyo hayo. Usinitilie lingine mdomoni.

Dole gumba la kulia: Khalayi

Nimemsomea, amekubali. Amekataa kuondoka kitini. AMRI: Konstebo Wanyonyi aache ufunguo wa seli mezani pangu, aende lango la nyuma, na asigeuke mpaka mama Jael apite.
Koplo George