Papa, Wamemvunja Mama Mubebaji

Papa,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki kukuficha. Ungekuwa hapa ungeniambia nikanywe maji kwanza. Nimekunywa. Hasira iko palepale.

Mama Mubebaji hayupo tena. Lile jiwe lako refu juu ya malisho, lililoinama kama mwanamke aliyebeba kuni kwa kamba ya kichwani, wamelipasua kwa nyundo mpaka chini. Yale mawili ya kando pia. Zimebaki kokoto, na ng'ombe wanapita katikati yake kama kawaida.

Unakumbuka yalivyoanza. Dukani kwa yule mfanyabiashara wa Butembo kulikuwa na kalenda ya jangwa: mchanga mtupu na mawe yaliyosimama peke yake, mengine kama uyoga, mengine kama mlango wa kanisa. Uliiangalia mpaka akakuuliza kama unanunua kitu. Ukamjibu, "Hata sisi iko nayo. Tena yetu iko na majani." Akacheka. Jumapili iliyofuata, misa ilipoisha, ukanibebesha miguu ya kamera tukapanda mlima.

Tangu siku hiyo, juma zima ulipiga picha za pasipoti na za harusi hapa Mweso ili tule, lakini Jumapili ulikuwa mtu wa mawe. Ulinisimamisha kando ya kila jiwe ili watu waone ukubwa wake, na nikipepesa macho ulinifokea, utadhani jiwe lenyewe lilikuwa linalalamika. Nilichoka, Papa. Leo ningesimama pale mpaka jua lizame.

Sasa sikia walichofanya. Presha ilipokuangusha, tulitafuta picha yako ya kuweka mezani kwenye matanga. Hakuna. Mtu aliyewapiga picha watu wa mji mzima hakuwa na yake hata moja, isipokuwa ile ya kadi ya kupigia kura, ambamo unafanana na mwizi. Mama alilia upya kwa ajili ya hiyo. Ndipo baba mdogo akatoa wazo: tutundike picha zako za mawe kwenye turubai, waombolezaji waone kazi ya kaka yake. Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa machozi!

Lakini huku kwetu, nani anapiga picha ya jiwe kama si mtu anayetafuta madini? Watu walikuja kukulilia, wakala maharage yetu, wakazunguka turubai kimya kimya, nami nikadhani ni heshima. Kumbe walikuwa wanatafuta rangi ya koltani, yale madini meusi ya kutengenezea simu. Mmoja alitoa simu akapiga picha ya picha zako. Mwingine akamvuta baba mdogo pembeni, wakazungumza kwa muda mrefu.

Hatujashusha hata turubai, wachimbaji kutoka upande wa Walikale wakapanda mlima, baba mdogo akiwa mbele yao. Niliwafuata nikikimbia. Nilimwambia kwamba uliyapenda mawe yale kwa umbo lake tu, basi. Akaniangalia kama mtoto mjinga.

"Muntu hawezi panda mulima kila siku ya Mungu sababu ya jiwe ya bure," akasema. "Papa yako alikuwa na siri. Na siri ya kaka yangu njo siri yangu."

Wakavunja. Hawakupata kitu. Si koltani, si dhahabu, ni jiwe tupu. Wakakasirika, na unajua walimkasirikia nani? Wewe. Sasa mjini unaitwa yule mwongo wa mawe, na baba mdogo anasema umemtania hata ukiwa kaburini. Ndugu yako wa tumbo moja, Papa. Sijui nitamwamkia vipi bila kutema mate.

Juzi alikuja studio, akakaa kwenye kiti chako, akaniuliza kwa upole kama uliacha picha za mawe mengine.

Iko moja, na unaijua. Ulikwenda kupiga harusi upande wa Itebero ukarudi umechelewa, viatu vimejaa matope, na picha ukanionyesha mimi tu. Ndani ya msitu kuna jiwe kubwa limekaa juu ya jingine jembamba, mpaka mtu anaogopa kukohoa. Ulilipiga asubuhi, mwanga ukipenya majani. Ndiyo picha nzuri kuliko zote ulizopiga maishani. Niliiweka nije kuichapisha kubwa, tuitundike nyumbani, wageni wakiingia waulize nani aliipiga.

Nilimjibu kwamba hakuna kitu. Akasema atarudi na kijana anayejua kompyuta, watafute wenyewe. Alipoondoka nilifunga mlango, nikaiangalia picha hiyo mpaka macho yakaniuma. Kisha nikaifuta. Kwenye kompyuta, kwenye kamera, kila mahali. Halafu nikakaa sakafuni nikalia, nikawatukana wote kwa majina yao, hata wewe kidogo, kwa kuniachia kazi hii.

Sikuombi msamaha. Wakuombe wao.

Basi pumzika, Papa. Nami nakuahidi hivi: jiwe lile litabaki limesimama, na hakuna mtu atakayejua ulikuwa mpiga picha wa namna gani.

Mwanao,
Riziki