Hakuna Swali, Hakuna Chapati

Al Baraha, Dubai
Jumamosi, 2 Novemba 2013

Kwako Dada Annah mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto lisilojua kwamba mwaka unaisha. Natumai u mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Watoto je? Na Baba, bado anagombana na redio? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Kazi ya usafi kule kliniki ya Oud Metha inaendelea, na madam wangu siku hizi hata salamu anaitikia.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua dunia hii ya simu. Simu ungenikatia kabla sijafika katikati, dada, si nakujua! Barua huwezi kuigombeza ikanyamaza.

Unakumbuka nilivyokusimulia ushirika wetu nilipofika? Ulifurahi sana kwamba kanisa ulilonilea ndani yake liko mpaka huku. Kila Ijumaa tulikutana katika nyumba iliyo ghorofa ya juu ya kwetu, viatu vimejaa mlangoni, tunaimba kwa sauti ya chini majirani wasilalamike. Mwalimu Eriya, yule Mganda dereva wa lori, alikuwa na sheria yake: hakuna swali, hakuna chapati. Akimaliza kuhubiri hatuli mpaka mtu aulize jambo gumu. Siku moja Jairus, anayelinda ghala Ras Al Khor, akauliza kama Ayubu alipopewa watoto wapya aliacha kuwalilia wale wa kwanza. Weh! Tulibishana mpaka chapati zikakauka. Mwisho Mwalimu akasema hajui, ila asiyejua pia hula. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Natamani zile Ijumaa zirudi, dada. Ugenini sikuwahi kujisikia nyumbani namna ile.

Mwaka jana makao makuu ya kanisa yakamwondoa Eriya, akaletwa mwangalizi mpya. Khalas, maswali yakaisha. Alisema kuuliza mbele za watu ni ugonjwa wa roho, unaambukiza, na mgonjwa hutengwa: hasalimiwi wala hali na wenzake. Wa kwanza kutengwa alikuwa Lois, ninayeishi naye chumba kimoja. Kosa lake ni kuuliza kwa nini Eriya aliondoka bila kuagwa. Watu waliokula naye sahani moja wakawa wanampita ngazini kama hawamwoni. Mimi niliendelea kumsalimu. Yeye analala kitanda cha chini na mimi cha juu, ningefanyaje?

Mwezi uliopita mama yake Lois akafariki, na kazini wakamnyima ruhusa ya kwenda kuzika. Hakuna hata mmoja wa ushirika aliyeshuka kumpa pole. Tangu lini mtu wa kwetu akalia msiba peke yake? Ijumaa ile nikasimama katikati ya ibada, nikauliza ni andiko gani linalokataza kumfariji aliyefiwa. Mwangalizi akanitaka niombe msamaha kwa kuuliza. Nikamwambia nitauomba akishanionyesha hilo andiko.

Basi, dada, kukuficha siwezi: nami nimetengwa. Taarifa imeshatumwa huko nyumbani, na Jumapili ijayo utasimamishwa kanisani useme kwamba huna tena ndugu Dubai. Nimetaka ulisikie kwangu kwanza. Jairus anakuja likizo kesho. Haruhusiwi kuongea nami, lakini nilipomwonyesha bahasha aliitikia kwa kichwa kwamba atakuletea.

Na la aibu nikuambie pia. Bado nawapenda. Jana walipokuwa wakiimba nilikaa ngazini, nikaimba sauti ya pili kimoyomoyo huku nalia. Wangeniita ningeingia mbio. Ila kuingia kwa sharti la kufunga mdomo, hapana.

Nibusie watoto, na Baba mpe shikamoo yangu. Lois naye anakusalimu. Najua kanisa hilo ndilo lililokushika mkono Mama alipotuacha, ukabaki na mimi mgongoni. Sijasahau, wala sikuombi uliache. Jumapili ujibu vile moyo wako utakavyokuruhusu. Mimi nikiulizwa huku kama nina dada, nitasema ninaye.

Ni mimi mdogo wako,
Mercyline